Maziwa ya Siku Tatu

Kila nikisikia harufu ya spiriti kliniki, kabla sindano haijaingia, ninamwona ng'ombe wetu mweusi amefungwa zizini, na daktari wa mifugo akimpangusa shingo kwa pamba.

Ng'ombe alikuwa na ugonjwa wa kiwele. Dawa yake hupita kwenye maziwa, kwa hivyo huyanywi wala huyauzi mpaka siku tatu ziishe. Daktari huyo ndiye aliyetufundisha hayo. Zamani hakuwa akiondoka kwetu kabla mama hajaahidi kuyamwaga. Lakini mwaka huo alikuwa akitafuta kura, na alikuja bila kuitwa, amevaa suti.

"Nimwage siku tatu, daktari?" mama akauliza.

"Usimwage, mama. Peleka tu dairy ukauze kama kawaida."

"Ati nipeleke?"

"Wenzako wote wanapeleka. Nani anataka hasara? Na siku ya kura usinisahau."

Mama alicheka kidogo, akamshukuru. Gari lilipoondoka aliokota chupa ya dawa iliyotupwa, akailinganisha na ile ya mwaka uliotangulia, ambayo tulikuwa tukiwekea mafuta ya taa. Maandishi yalikuwa yale yale: siku tatu.

Jioni alikamua ndoo nzima, maziwa ambayo yangetulipia shule, akayabeba hadi kwenye shimo la mbolea.

"Utampigia kura?" nikamuuliza.

"Alikuwa daktari mzuri," akasema, akaiinamisha ndoo mpaka tone la mwisho.