Vishada Vilivyokataa Kuzama

Nakumbuka, mwanangu, jinsi kikwembe, kitenge cha sherehe yangu, kilivyonunuliwa kabla sijamaliza hesabu. Kwetu Kisangani ndivyo tulivyo: ukitaja tu kwamba utatetea tasnifu chuoni, mama na shangazi zako wamekwisha kushona sare.

Nilikuwa nikichunguza galaksi kibete moja, hafifu, yenye vishada vichache vya nyota. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maada ya giza. Haitoi mwanga, hakuna aliyeiona, ila uvutano wake hupunguza mwendo wa kila kinachopita ndani yake na kukizamisha kuelekea kitovu. Katika kielelezo changu niliirundika katikati, nikaiachia kompyuta kazi. Vishada vyote vikazama hadi kitovuni. Lakini angani bado viko mbali na kitovu, vinazunguka bila wasiwasi.

Nikaandika kwamba vipimo vya angani vina kasoro. Muda wa kukabidhi ulikuwa umekaribia, na kuchelewa kulimaanisha kupoteza mwaka mzima.

Papa Prof, mzee aliyenisimamia, alisoma ukurasa ule akavua miwani, akanigeukia.

"Mama, nyota haikukosa. Kosa iko kwa lundo yako. Nani alikuambia giza inajaa katikati tu?"

"Lakini Papa Prof, kwetu wameshashona kikwembe!"

"Bon, sawa, kikwembe haitaoza. Anza tena."

Nililia, sikufichi. Kisha nikakasirika, na hasira ile ikanifaa. Niliitandaza ile maada sawasawa eneo lote la kati, kama mpunga unaoanikwa juani. Umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa ukikatika, kazi ya siku nzima inapotea, ukirudi, naanza. Shangazi zangu waliulizana kama nimefukuzwa, na mama akawa hanisemeshi. Sikuacha. Hatimaye vishada vikashuka kidogo, kisha vikakataa kuzama zaidi, vikabaki vinazunguka palepale tunapoviona angani. Kumbe nilichotaka kukiita kasoro ndicho kilichonionyesha giza lile limekaaje.

Mwaka niliupoteza. Lakini niliposimama mbele ya maprofesa, sikuwa na sentensi hata moja ya kuionea aibu, na hakuna swali lililonitetemesha.

Sasa wewe unaniambia matokeo ya utafiti wako yamekukataa na unataka kuyafuta. Usiyafute, mwanangu. Yaulize yanajua nini ambacho wewe hujui. Kama ni kuchelewa, chelewa. Watu watasema wee, watachoka. Mungu akupe nguvu ya kuanza upya, na akunyime usingizi kila utakapoandika jambo usiloliamini.