Msaada wa Mtu Nisiyemjua
Wazazi walipofariki niliacha shule ili niwalee wadogo zangu. Nikiwa mtaani kwetu Chuno nilijifunza kuandika programu ya kupitisha data za uzito wa korosho hatua kwa hatua, kutoka kwa wakulima hadi hesabu za ghala, maana ghala moja liliniahidi kazi programu ikifanikiwa. Lakini sehemu ya uzito ulioingizwa ilikuwa inapotea kabla ya kufika kwenye jumla. Nikaeleza tatizo mtandaoni, kwenye jukwaa la watengeneza programu, na mtu nisiyemjua akaniandikia, "Nitumie data yako, dada."

Bure tu? Nikashuku mtego. Nikamtumia uzito wa kubuni, wote kwa kilo.

Akajibu, "Hii inapita vizuri. Unanificha nini?"

Nikafuta majina ya wakulima, nikamtumia data halisi. Akagundua kwamba vijijini wengine walipima kwa debe, na programu yangu ilitupa kila uzito usioandikwa kwa kilo. Nikarekebisha, nikamshukuru, kisha nikabadilisha nywila zangu zote.