Adabu ya Mdakaji

Timu yetu ya besiboli ilikuwa imebaki mifupa. Wazoefu walihamia Cape Town na Kanada, wengine wakahamia kwenye vitambi vyao, na kocha, mhadhiri Mkenya aliyejifunza mchezo huu ng'ambo, akaamua tuijenge upya kwa vijana. Mwanamke au mwanamume, hakubagua. Angebagua vipi na watu hawatoshi? Mimi, fundi simu wa soko la Warwick mwenye bega linalouma, nilibakizwa kwa kuwa hapakuwa na mrushaji mwingine.

Nafasi ya mdakaji ilikuwa moja, na binti yangu aliitaka kuliko kitu chochote. Tangu akiwa mdogo alinidakia mipira uani kwetu Chatsworth. Mdakaji ndiye kichwa cha timu: huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji kwa vidole arushe mpira gani. Mrushaji asipotaka hutikisa kichwa. Hapo ndipo mdakaji wa kweli hujulikana, maana akijua ana haki hurudia ishara ileile mpaka asikilizwe.

Asubuhi ya majaribio, kwenye uwanja ulio nyuma ya viwanda vya Jacobs, kocha alinivuta kando.

"Kila mmoja akikupa sign nzuri, ikatae. Nataka kuona nani atakubishia. Na usimwambie msichana wako."

Sikumwambia. Kwa jinsi alivyoujua mchezo, nilidhani hana haja ya kuambiwa.

Alianza kijana mmoja mwenye domo. Nilipotikisa kichwa alirudia ishara, nikatikisa tena, akasimama na kunifuata hadi nilipo.

"Eish, mzee, rusha nilichosema!"

Nilitamani kumzaba kofi. Nikarusha alichosema, mpigaji akapiga hewa.

Kisha akaja binti yangu. Alimsoma mpigaji vizuri, akaomba mpira wa polepole, wa chini, na hata mimi ndio niliokuwa nautaka. Nikatikisa kichwa. Aliniangalia kidogo, halafu akabadilisha ishara. Nikarusha wa kasi, na mpigaji akaupeleka juu ya ukuta wa kiwanda. Mara ya pili ikawa vilevile. Moyoni nilikuwa nampigia kelele: nibishie, mama, nibishie! Lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilimlea asimjibu mkubwa, nikajisifu kanisani kwamba binti yangu hajui kuinua sauti. Najuta hadi leo.

"Ako na mkono mzuri kushinda wote," kocha aliniambia baadaye, "lakini hawezi kukukatalia. Mchezo ukikaza, nani ataongoza?"

Alimchukua yule mwenye domo.

Garini binti yangu hakulia. Taa nyekundu ilipotusimamisha nilimwambia asijali, mwaka kesho atajaribu tena, nitamfundisha mwenyewe.

"Non, Papa," akakataa kwa Kifaransa chetu cha nyumbani. "Mi sirudi tena pale."

Kumbe aliweza kunikatalia. Lakini ulimi wangu ulishanitangulia: "Unamjibu nani hivyo?"

"Pardon, Papa," akasema, akainamisha kichwa.