Darasa Langu Nyuma ya Pazia la Bibi Harusi

Padri mkaguzi alisimama sebuleni kwangu, kofia mkononi, jasho linamtiririka, anaongea na pazia.

Nyuma ya pazia alikuwepo bibi harusi ambaye haruhusiwi kuonekana.

Bibi harusi mwenyewe ni mimi. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili nisije nikacheka nikaharibu kila kitu.

Ngoja nianze vizuri.

Naitwa Apollinarie. Nakaribia miaka tisini na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka, imezeni tu. Nimesoma humu vijana mnalalamika kwamba ualimu hauna faida, mazingira magumu, sijui nini. Nimecheka mpaka meno ya bandia yakataka kuniaga.

Kaeni niwaambie.

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa monitrice pale Luberizi. Monitrice ni mwalimu wa kike, na bonde zima la Ruzizi tulikuwa wa kutafuta kwa taa. Masista walinifundisha Uvira, kando ya ziwa, halafu misioni moja ikanituma huko kwenye mpunga na mbu. Jina la misioni nalibakiza mwenyewe.

Faida zilikuwepo, jamani. Nilikuwa na viatu. Sabuni na chumvi zilikuja kila mwezi ukiisha. Kanisani nilikaa benchi la mbele, na wanaume wenye ng'ombe zao walinivulia kofia njiani. Mimi, binti wa mkulima wa mihogo.

Sasa mazingira.

Darasa la wavulana lilikuwa la matofali. La wasichana lilikuwa la matete, na ng'ombe wa jirani waliyapenda sana matete yale. Unafundisha kuzidisha, unageuka, ukuta umepungua. Mvua ikija tunajibana wote kona moja. Mpunga ukianza kuiva, nusu ya darasa wanatoweka kwenda kufukuza ndege mashambani.

Nililipenda darasa lile kuliko kitu chochote duniani.

Mpaka akatokea Ildephonse.

Huyu alikuwa moniteur wa wavulana. Mrefu, mpole, ana sauti nene kwenye kwaya mpaka benchi linatetemeka. Lakini alikuwa analala stoo, juu ya magunia ya mpunga wa misioni, kwa sababu nyumba ya mwalimu, ile ya matofali na mabati, ilikuwa haipewi mtu asiye na mke.

Siku moja tunatoka misa akanisogelea.

"Apollinarie, minye nakupenda," akasema. "Na nisikufiche, ile nyumba iko tupu."

"Sasa unapenda minye ao nyumba?"

"Weye kwanza. Nyumba inafuata." Akafikiri kidogo. "Ile panya ya stoo nimechoka nayo, hiyo ni kweli."

Nikampenda hapohapo. Mwanaume anayesema ukweli mpaka wa panya, unamwacha vipi?

Shida ikawa moja. Sheria ya misioni ilikuwa na ncha mbili, zote zinanichoma mimi. Mwalimu mwanaume akioa, anapewa funguo za nyumba. Mwalimu mwanamke akiolewa, anarudisha chaki. Ndoa ileile, kanisa lilelile, siku ileile.

Nikaenda kumlilia Père Étienne, yule padri mkaguzi wa shule. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkavu tu, na alikuwa na pikipiki iliyowatisha mbuzi.

"Mwanangu," akaniambia, "mwanamke mwenye mume ana jiko la kuangalia. Tafuta mwenzako akupokee darasa. Nikija kukagua baada ya mpunga nikakuta wasichana hawana mwalimu, nalifunga."

Nikatuma habari Uvira kwa kila monitrice niliyemjua. Jibu lilikuwa lilelile: Luberizi kuna mbu.

Kufunga darasa maana yake nini? Wale wasichana wanarudi shambani, na kabla ya mwaka kwisha wanatafutiwa waume. Generose, aliyekuwa na kichwa chepesi kuliko wote, alishaanza kuulizwa na watu. Usiku nililia, mchana nikacheka na Ildephonse. Moyo wangu ulikuwa haujui ukae wapi.

Nikaolewa.

Ng'ombe zilitolewa, misa ikasomwa, nikarudisha chaki mbele ya altare kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Ildephonse akapokea funguo.

Sasa hapa wale wasiotujua wasikilize. Kwetu, sisi Warundi wa bonde, bibi harusi haingii kwa mumewe asubuhi akaanza kufagia. Anawekwa ndani, nyuma ya pazia. Hachoti maji, hapiki, hashiki jembe. Wageni hawamwoni. Anakunywa maziwa, anapakwa siagi, ananenepa. Anakaa hivyo mpaka siku ya kumtwikurura, yaani siku ya kumfunua, ndugu wanapokuja na pombe na zawadi. Siku hiyo ndipo anakuwa mke wa watu, anapewa jembe na chungu chake.

Na mwenye kuamua siku hiyo ni mama mkwe.

Wangu aliitwa Nyandwi. Mjane, mfupi, ana fimbo. Mimi nilimwita mabukwe, ndivyo tunavyowaita mama wakwe, na nilimwogopa kweli. Aliweka kigoda chake mlangoni, akanipa mgongo, akakaa kulinda.

Siku za kwanza nililia kwenye maziwa. Nasikia kengele ya shule inalia, miguu yangu inataka kusimama yenyewe.

Halafu akaja Generose na wenzake wawili. Desturi inawaruhusu wasichana kuja kumchangamsha bibi harusi. Walitakiwa kuimba.

Generose akanong'ona, "Madame, ile hesabu ya kugawa, tulifika wapi?"

Nikamwambia tulipofika. Akachukua kaa jikoni, akaandika ukutani. Ukuta mpya, wa misioni, umepakwa chokaa jana.

Nikanyanyuka nimrekebishe, nikashika kaa.

Fimbo ikatua kwenye mkono wangu.

"Weye," mabukwe akasema, "uko bibi harusi. Hapana fanya kazi."

Nikajua yamekwisha. Wasichana wakaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Minye nimesema mutoke?" akawauliza. "Batoto, mukae chini. Yeye hapana shika kaa. Mudomo hakuna mutu alikataza."

Akarudi kwenye kigoda chake, akatupa mgongo.

Nyie. Kesho yake wakaja kumi. Wiki iliyofuata darasa zima lilikuwa chumbani kwangu, wengine juu ya kitanda cha ndoa. Nami nimeketi kwenye mkeka, nimepakwa siagi, nasema, wao wanaandika. Nikitaka maziwa, naletewa. Nikijisahau nikanyoosha mkono kwenye ukuta, fimbo.

Niliwahi kufundisha miaka mingi baadaye, mpaka shule zenye madirisha ya vioo. Mazingira mazuri ya kazi kama yale sijayaona tena.

Aliyeteseka ni Ildephonse. Mchana kutwa anapiga kelele na wavulana sitini, akirudi nyumbani kwake, ile nyumba aliyoiota juu ya magunia, anakuta imejaa wasichana wanaimba majina ya mito ya Kongo. Akawa anakula nje, sahani magotini, akiangalia mabati yake kwa mbali.

"Mama," akamwuliza mabukwe siku moja, "minye nitaingia saa ngapi mu nyumba yangu?"

"Ngojea. Banafika ku Lualaba."

Mpunga ukavunwa. Tukaisikia pikipiki.

Père Étienne alikuja kufunga darasa. Alitegemea kukuta matete na mbuzi. Akakuta wasichana wote wamekaa darasani kwa mistari iliyonyooka, nywele zimenyolewa, wanangoja.

Haya mengine nilihadithiwa na Generose. Padri akawapa hesabu, wakajibu. Akawapa kusoma, wakasoma. Akauliza mito, wakamwimbia mpaka akawaomba wapumzike.

"Nani amewafundisha?"

Wakatazamana. Wote walikuwa wameapa kutosema. Lakini Generose alikuwa anaogopa dhambi ya kumdanganya padri kuliko alivyoniogopa mimi.

"Bibi harusi, mon père."

Ndipo akaja kwangu, msafara wa wasichana nyuma yake, na Ildephonse amewakimbilia akiwa bado ana chaki kwenye nyusi.

Mabukwe akainuka, fimbo mkononi.

"Karibu, mon père. Sebuleni tu. Kule nyuma ya pazia kuko mugeni." Kwetu bibi harusi pia huitwa mugeni.

"Nataka kuongea naye."

"Ongea. Pazia hapana ziba masikio."

Akasimama pale, kama nilivyowaambia. Alikuwa ameshaona ukuta, maana hesabu zilikuwa zimevuka pazia mpaka sebuleni. Kutoka chini mpaka urefu wa mkono wa msichana, chokaa ya misioni ilikuwa nyeusi kwa hesabu.

"Apollinarie. Nilikuambia mwanamke aliyeolewa hafundishi darasani."

"Mon père," nikamjibu, nusu hofu nusu kicheko, "tangu ndoa mguu wangu haujakanyaga darasani."

"Lakini umeolewa. Nilifunga ndoa hiyo mimi."

"Bado," akasema mabukwe.

Padri akageuka. "Bado vipi, mama?"

"Weye ulimaliza ya Mungu. Ya kwetu iko njiani. Huyu hajatwikururwa. Hana jembe, hana chungu. Ulisema muke anaacha shule sababu ya jiko ya bwana. Sasa uingie jikoni, uangalie kama huyu aliwasha moto hata siku moja."

Nilitega sikio. Moyo unanipiga mpaka siagi inayeyuka. Pale ndipo darasa langu lilipokuwa linaning'inia, kati ya mzee mmoja mwenye kofia na mama mmoja mwenye fimbo.

Padri akakohoa. Ildephonse aliniambia baadaye kwamba kile kilikuwa kicheko kilichovaa kanzu.

"Ni kweli," akasema. "Sharti ni jiko. Basi mpaka siku atakapofunuliwa, yeye ni monitrice. Siku hiyo ni lini?"

"Karibuni," akasema mabukwe.

Chini ya pazia ukapita mkono mweupe umeshika boksi la chaki.

Nilicheza, jamani. Nilicheza nyuma ya pazia bila kutoa sauti, nikakanyaga kibuyu cha maziwa, nikaendelea kucheza kwenye maziwa.

Basi tukangoja hiyo karibuni.

Pombe ya kunifunua ikaiva, mabukwe akaionja, akasema imechacha. Ikaivishwa nyingine, akasema shangazi wa ng'ambo ya Ruzizi hajafika. Shangazi akafika, ikanyesha mvua. Mvua ikakatika, shangazi akawa ameshachoka kungoja, amerudi kwao.

Kila ukaguzi Père Étienne anakuja, anasimama mbele ya pazia.

"Lini, mama?"

"Karibuni, mon père."

Safari moja akasikia mtoto analia nyuma ya pazia.

"Na huyo ni nani?"

"Mugeni mwingine," akasema mabukwe bila kupepesa macho.

Naam. Nilijifungulia mlemle. Ndoa ilikuwa halali kanisani, msiniangalie vibaya. Nilikuwa bibi harusi mwenye mtoto, na wasichana wakajifunza kugawa huku wakibembeleza.

Hatimaye nikawa na tumbo la pili, na Luberizi nzima ilikuwa inakufa kwa kicheko. Mabukwe akatangaza siku, na safari hii pombe haikuchacha. Nikatoka nje mbele ya watu, mtoto mgongoni, mwingine tumboni, nimefunikwa kitambaa kama msichana wa juzi. Vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, kwa sababu nilijua leo ndiyo mwisho wa darasa.

Père Étienne alikuja na zawadi yake, debe la chokaa. Nikamwendea, nikamnyooshea boksi la chaki.

Hakulipokea.

"Sheria yangu inasema monitrice akiolewa, anatoka," akasema. "Mwenye watoto wawili, aliyekwisha olewa zamani, sheria haimtaji. Nimetafuta. Jumatatu kengele ni saa moja na nusu."

Nikapiga magoti kwenye vumbi, na tumbo langu lote.

Wageni walipoondoka nikamfuata mabukwe. Nikamshika mikono.

"Mabukwe, mulinificha miaka hii yote. Mulinipenda hivyo?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kitu cha kijinga. Akachukua kitabu cha sala cha Ildephonse, akakifungua, akaweka kidole chini ya mstari. Akasoma. Polepole, neno kwa neno, ukurasa mzima, na hakukosea.

Yule ambaye hakuwahi kukanyaga shule, aliyetupa mgongo. Yule wa kigoda. Hatukuwahi kumwona akigeuka ila kunipiga fimbo; kumbe tukilala alikuwa anausoma ukuta.

"Kupenda, nakupenda," akasema. "Lakini jana ndiyo nilimaliza kitabu. Ningekutoa kabla ya hapo, nani angenifundisha?"

Nilifundisha mpaka nywele zikawa nyeupe. Nyumba za mabati, viatu, sabuni, vyote vilikuja na vikaondoka, na serikali zikabadilika juu ya kichwa changu.

Kwa hiyo vijana, mkienda kuomba kazi ya ualimu, ulizeni mshahara, ulizeni nyumba, ulizeni likizo. Ni haki yenu, msione aibu. Ila mkishaanza, msihesabu tu wale walio mbele yenu wanaowaangalia. Kuna mtu amewapa mgongo, anajifanya hana habari, naye anawategemea kuliko wote.