Sheria Yangu ya Kabali

Miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa, mimi nilivusha sabuni na mafuta ya kula kutoka Malawi, na safari moja nikavusha ujuzi. Mjomba wangu wa Karonga alinipa kanda ya video ya jujitsu ya Brazili. Nilidhani ni kung fu. Tulipoiweka kwenye banda la video pale Mbugani, tukaona wanaume wawili wenye nguo nyeupe wamelala chini, wamekumbatiana. Watu wakazomea. Mara mmoja akampiga mwenzake kabali, aliyekabwa akampigapiga mkono, akaachiwa, ugomvi ukaisha bila ngumi hata moja. Watu wakadai kanda irudishwe nyuma waone tena.

Kanda ilikuwa yangu, basi na ualimu ukawa wangu. Jumapili baada ya ibada tulijifunzia nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, juu ya lundo la pumba tulilolitandikia turubai. Wanafunzi saba waliniita mwalimu, na heshima ile niliipenda kuliko chakula.

Jambo moja tu sikulikubali: kule kupigapiga mkono. Kuachiwa ni hisani, na kwetu mtu hapokei hisani kimyakimya kama mbuzi. Nikatunga sheria: anayeshindwa aseme "Ndaga", yaani asante, kwa sauti, hata wa nyuma wasikie. Asiyesema haachiwi. Wiki zile tulikunjana viwiko na magoti, tukashukuriana sana. Kabali tulikuwa bado hatujaifikia.

Siku tulipoifikia, nilimwita binamu yangu, mmoja wa wale saba, mkulima wa Ndandalo. Mpole, mzito wa kuelewa, ndivyo nilivyomwona. Nikamgeuzia mgongo.

"Nikabe, niwaonyeshe namna ya kutoka."

Akanikaba vizuri kuliko yule wa kwenye kanda. Sikutoka. Nikataka kusema ndaga, ndipo nikajua kwamba neno nalo hupitia kooni. Nikampigapiga mkono, nikapiga turubai. Niliogopa kufa, sifichi. Yeye akanikumbusha sikioni, kwa adabu:

"Sema, mwalimu. Bado hujasema."

Aliniachia nilipolegea. Nilipozinduka nilikuwa nimelowa maji waliyonimwagia, naye analia.

"Mwalimu, mbona hukusema?"

Wote saba walikuwa wananitazama. Ukweli ulikuwa mfupi tu.

"Nilikuwa nakupima kama unashika sheria," nikamjibu. "Umeishika, lakini umezidisha nguvu. Siku moja utaua mtu."

Kesho yake asubuhi alikuja na mama yake, na jogoo kwapani. Wakapiga magoti mlangoni kwangu wote wawili, wakaniomba radhi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwenye magoti mabovu, ananipigia magoti mimi. Nikawaacha wamalize. Kisha nikawasamehe, na jogoo nikamla.