Makosa ya Baba Mwezi wa Posa

Baba yangu hakuwa mtu wa kukosea. Nalisema hili mwanzo, maana asiyelijua hatafahamu kwa nini mwezi ule alipoanza kukosea nilikaribia kutokwa na akili zangu. Unguja alikuwa karani wa bandarini, lakini mjini watu walimjua kwa filimbi. Alikuwa refa. Alikuwa refa wa kuchukiwa na timu zote mbili, na mwenyewe akiona hiyo ndiyo sifa ya refa. Nyumbani pia alituchezesha: viatu vikae sawasawa mlangoni, salamu itolewe kamili, mgeni asiulizwe lililomleta mpaka kwanza anywe kitu.

Tulipokuja Maskati baada ya yale ya mwaka wa sitini na nne, tulikuja wawili. Mama tulikuwa tumeshamzika Mwanakwerekwe, na hilo lilimuuma baba kuliko nyumba na vyombo, kwa sababu nyumba mtu anaweza kupata nyingine. Tukapanga Darsait, vyumba viwili na sakafu ya juu ya kuanikia nguo. Darsait ya siku zile ilikuwa nyumba chache, mitende na mchanga. Baba akapata kazi ya stoo katika kambi ya mafuta iliyokuwa ng'ambo ya kilima, na mimi nikabaki napika, nafua na kumngoja. Jioni tulikula sinia moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na bado akinitolea miiba ya nguru na kuisukuma minofu upande wangu, huku akinisema kwamba mtoto wa kike mzima hajui kula samaki. Nilikuwa najua sana. Niliacha tu atoe.

Mwaka mafuta yalipoanza kupakiwa melini, baridi ilipoingia, Mmarekani mmoja msimamizi wa uchimbaji alileta kambini mpira wa kwao. Si huu wetu. Wao huuita mpira wa miguu na huubeba mikononi, na baba alilihesabu hilo kuwa kosa la kwanza. Wenyewe una umbo la embe. Siku za Ijumaa baada ya alasiri vijana wa kambini walikuja kuuchezea kwenye uwanda wa mchanga chini ya nyumba yetu, Wazanzibari, Mabulushi na yeyote aliyekuwa na mbavu za kuazima. Upande wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea hatua kumi. Wakishindwa, mpira huenda kwa wenzao. Aliyeubeba hukamatwa na kuangushwa, hiyo halali. Lakini ukimshika asiyekuwa nao ni kosa, na upande wako hurudishwa nyuma. Ukifanya hivyo nyuma ya mstari wako wa mwisho, wapinzani wako hupewa alama mbili za bure.

Walitaka refa, na refa alikuwapo. Baba alikwenda kwa yule Mmarekani wiki nzima, akaulizia sheria moja moja mpaka akazihifadhi. Mchezo wenyewe hakuupenda, alisema ni ugomvi uliopangiwa saa. Sheria zake ndizo alizozipenda. Iko moja alinisimulia nikichambua mchele, akairudia mara mbili: upande uliokosewa huulizwa na refa kama unaitaka adhabu au unaikataa. Ukiikataa, mambo huendelea kama yalivyo. Baba alisema sheria hii ina adabu, na inafanana na ya dini yetu, mwenye haki ana hiari ya kudai na ana hiari ya kusamehe.

Katika wachezaji alikuwamo kijana mmoja wa kwetu, fundi umeme. Unguja tulikuwa mtaa mmoja. Wazee wake walikufa yeye mdogo, akalelewa na bibi yake, na huku Maskati wakawa wanakaa Matrah, yeye na huyo bibi. Nilikuwa nikimtazama kutoka juu, nikijifanya naanua nguo. Nguo zetu zilikuwa chache, kwa hiyo ilinibidi nizianike tena.

Sasa, Ijumaa moja upande wa huyu kijana ulikuwa unaongoza kwa alama nne, na saa ya baba imebakisha muda mdogo sana. Mpira walikuwa nao wao, lakini wamebanwa kwenye mstari wao wenyewe. Nikamwona anawanong'oneza wenzake. Mpira ulipoanza, wote wakawakumbatia wapinzani, kila mtu na wake, wakawang'ang'ania hivyo waziwazi mbele ya baba, na yeye akazunguka nyuma ya mstari na mpira kifuani, taratibu, kama mtu anayetafuta kivuli, na saa inakwenda. Baba akapuliza filimbi mpaka nikahisi mashavu yangu mimi yanauma. Akatoa adhabu, alama mbili. Akatazama saa. Wakati ulikuwa umekwisha, na waliokosea wameshinda kwa mbili zilizobaki.

Yule Mmarekani alicheka akapiga makofi, akasema kwao hufanywa hivyo. Baba hakucheka. Alimwita kijana mpaka chini ya ukuta wetu, na mimi juu nikaacha nguo zangu nikasikiliza.

"Umevunja sheria kwa makusudi," baba akasema.

"Nimevunja, mzee, na adhabu nimeilipa. Nimemwibia nani?"

"Umeiba wakati. Wakati hauna adhabu inayoweza kuurudisha."

Kijana akaomba radhi, na aliomba vizuri. Nami nikaona posa yangu imekufa kabla haijazaliwa, maana nilikuwa nimeshapata habari kupitia kwa jirani kwamba bibi yake anajiandaa kutuma watu. Kijana alikuwa amepata kazi Kuwait. Meli ilikuwa ya mwisho wa mwezi uliofuata, na alitaka tuoane tuondoke pamoja. Kutoka nchini siku zile kulitaka ruhusa, na aliyetoka hakuwa na hakika ya kurudishwa, kwa hiyo hakukuwa na habari ya yeye kutangulia na mimi kumfuata. Ama nikaha iwahi meli, ama basi.

Posa ikaja hata hivyo. Baba akaniuliza, nami nikanyamaza vile wasichana tulivyofundishwa kunyamaza, akaelewa. Akasema kijana ana akili na ana kazi, na kwa watu wake hakuna la kusema, waje Alhamisi. Alhamisi wakaja, ami yake kijana, wa ukoo wa mbali, na wazee wawili, wamevaa kanzu na vilemba, na baba hayupo. Alikuwa amekwenda Sib kutazama samaki. Baba yangu, ambaye akichelewa kidogo kazini alikuwa hali chakula kwa hasira, amekwenda Sib kutazama samaki ambao hatukuwa na haja nao. Wazee wakasimama mlangoni juani, wakaondoka wamekunja nyuso zao. Ikabidi baba aende Matrah kuomba radhi, radhi nayo ina siku zake, na wiki ikapita.

Mara ya pili alikuwapo. Nilikaanga kahawa, nikatwanga na hiliki, nikapanga tende na halua, nikakaa jikoni kungoja aniite. Hakuniita. Nikakohoa. Nikagonganisha finjani. Akapaza sauti kwamba nisubiri kidogo. Nilisubiri mpaka kahawa ikachemka ikawa chungu kama subili, na wageni wakainuka hawajatia hata maji mdomoni. Maskati, mgeni asiyepewa kahawa ametukanwa, hakuna njia nyingine ya kulifahamu jambo hilo. Ami yake kijana alitoka hata kuaga hakuaga. Nilichungulia pembeni mwa pazia nimwone baba uso wake, nikitaraji aibu, nikamkuta anatazama saa yake ya mkononi.

Hapo nikajua. Hakusahau kahawa. Alikuwa anakosea makusudi na kulipa adhabu, na kila adhabu ilikuwa inakula wiki, na meli haingoji mtu. Mimi si mpole na sijawahi kuwa. Nilisugua masufuria siku ile mpaka jirani akauliza kuna nini. Nilikuwa na maneno yote tayari ya kumwambia akija kula, na la kwanza lilikuwa hilo lake mwenyewe la wizi wa wakati. Akaja akakaa, akanawa mikono, akachambua nguru, akasukuma minofu upande wangu. Akasema amesikia harufu ya kahawa iliyoungua, ni bora ninunuliwe mdila mwingine wa kupikia kahawa. Nikala. Nilimpenda sana baba yangu, na usiku wote huo nilimkasirikia.

Wiki ya mwisho kabla ya meli wakaja tena. Baba aliwapokea kwa fulana na msuri kiunoni. Yeye ambaye hata kwa muuza maji hatoki bila ya kanzu. Nikasema haya, safari hii watakasirika wasirudi, na mwezi umekwisha. Lakini nyuma ya wazee alikuwapo bibi mwenyewe. Alikuwa mfupi, na buibui lake la Unguja limechakaa kwa kufuliwa, na mkononi amebeba kikapu. Akapita akakaa palepale walipokaa wanaume, kwa umri wake nani wa kumzuia.

"Shikamoo bibi," baba akasema, maana hilo hakuweza kulikosea hata kwa makusudi.

"Marahaba mwanangu. Nimesikia hapa kahawa haiji, basi nimekuja na yangu."

Akafungua kikapu, akatoa mdila uliofungwa khanga usipoe, akatoa na finjani zake. Akawamiminia wazee kwanza, nao wakanywa, kimya, macho chini. Nadhani walikuwa wamekatazwa kusema.

"Mjukuu wangu kanambia," bibi akaendelea, "katika huo mchezo wenu aliyekosewa huulizwa kama anaitaka adhabu. Siye hatuitaki. Siku ya kwanza hukuwapo, hatukukasirika. Ya pili hukutupa kahawa, hatukukasirika. Leo umetupokea na fulana, na fulana yenyewe safi, mashaallah. Hatukasiriki. Sasa utafanyaje?"

Baba alikuwa refa na sheria anaijua, na hapakuwa na kosa jingine lililobaki la kufanya isipokuwa kuwafukuza, na hilo hakuwa nalo moyoni. Nilimwona anapapasa magoti yake, anatafuta kanzu ya kuinyoosha.

"Bibi, mimi na kijana sina neno naye," akasema mwishowe. "Nnaogopa nyumba. Nikirudi kazini, wa kuniitikia salamu ni huyu mmoja tu."

Wale wazee wakajifanya hawakusikia, Mungu awalipe. Bibi hakujifanya.

"Nnajua, mwanangu. Na mimi huyo ndo niliyebaki naye. Unafikiri Matrah nnabaki na nani?"

Akasema kwa sauti ile ile ya kumimina kahawa. Baba akainua uso akamtazama, na nadhani siku zote zile hakuwa amefikiri kwamba upande wa pili pia kuna mtu anayeachwa. Wala mimi sikuwa nimefikiri. Nilikuwa nimehesabu furaha yangu na hasira zangu, na yule kizee alikuwa amepanda kilima cha Darsait na kikapu kuja kujiombea upweke wake mwenyewe.

Akaijaza finjani, akampa.

"Ukinywa, umekubali," akamwambia. "Usiponywa, tutarudi kesho, na kesho kutwa, wala hatutakasirika, mpaka meli iende zake. Hapo utakuwa umeshinda, na mtoto atabaki. Hiari yako."

Baba akaishika finjani kwa mikono miwili. Alikaa nayo hivyo, moshi wake unapungua, na hakuna aliyemhimiza. Mwezi mzima nilikuwa nimeomba anywe. Niliomba kwenye sala, niliomba nikisugua masufuria, niliomba juu na nguo zangu mkononi. Na sasa nimesimama nyuma ya pazia, namwona mzee mwenye fulana anaitazama kahawa, nikajikuta naomba mkono umteleze, aimwage, akosee mara moja nyingine tu.

Hakuimwaga. Alisema bismillahi, akainywa yote, akaitikisa finjani kama wanavyofanya watu wa Maskati waliotosheka, akamrudishia.