Mia Tatu ya Kuangalia Mlango

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia mpaka leo kila nikibonyeza rimoti ya gereji. Ilikuwa Jumatano, hapa nyumbani kwangu Utange, Kisauni, na harusi ya mdogo wangu Zuhura ilikuwa Ijumaa.

Wakati huo sijafika arobaini. Nilikuwa nimerudi kutoka Maskati baada ya miaka kumi na mmoja ya kazi ya kiwandani, na sikurudi mikono mitupu. Nyumba hii niliijenga mwenyewe bila mkopo wa mtu. Diploma yangu ya ufundi wa mitambo ilikuwa ukutani sebuleni, na bado ipo. Ukija utaiona kabla hujaonyeshwa kiti. Mlango wa gereji niliuleta kwenye kontena, ule unaopanda juu wenyewe kwa mota. Mtaani kwetu hapakuwa na mwingine. Watoto walikuwa wakija jioni kuutazama, nami nikiufungua mara mbili: ya kwanza kuingiza gari, ya pili kwa ajili yao.

Basi Jumatano ile mlango ulipanda hadi usawa wa magoti, ukaenda upande, ukakwama. Gari langu jeupe liko ndani. Na gari hilo ndilo nililomwahidi Zuhura kwamba litampeleka kwa mumewe Changamwe. Alikuwa ameshawaambia wakwe zake wasikodi gari, kaka yake analo.

Jirani akaniitia Fundi Athumani, mzee wa Likoni aliyemaliza ujana wake akitengeneza mageti na milango ya magodauni. Alivuka feri na mfuko wake wa turubai. Ni mtu wa umri wa baba yangu, lakini mimi, nisikufiche, nilimwambia "Habari, fundi," shikamoo nikaimeza. Akaweka mfuko chini, na kabla hajaugusa mlango akasema kuangalia ni shilingi mia tatu, nimpe kazi nisimpe.

Nilicheka. Nikamwambia mlango huu nimeuleta mimi, nimeufunga mimi, diploma ninayo na macho pia ninayo.

"Basi angalia, bwana," akasema akiokota mfuko wake. "Macho yako hayalipi nauli."

Nikaangalia. Nikaona mlango uliokwama. Nikapanda ngazi na spana nikitaka kuilegeza ile springi kubwa ya juu, na nilipoizungusha kidogo tu spana ikanichomoka mkononi, ikapiga ukuta karibu na sikio langu. Alama yake sijaipaka rangi hadi leo. Springi ile, mwanangu, ndiyo inayobeba uzito wa mlango mzima. Usiiguse hata kama una diploma mbili.

Alhamisi asubuhi nikaita watu wa kampuni moja ya mjini waliojisifu kwamba kuangalia kwao ni bure. Wakaja vijana wawili, ovaroli zimepigwa pasi. Nikawapa chai. Hata ngazi hawakupanda. Kikombe hakijapoa wakaniambia springi imekufa, mota imechoka, reli zimepinda: elfu arobaini na nane, nusu nitoe kwanza, na vipuri vitafika baada ya wiki mbili. Wakaondoka na kuniachia karatasi.

Zuhura alikuwa amesimama kwenye kizingiti, hina mikononi bado mbichi. Alikuwa amesikia yote.

"Kaka, niwaambie wakodi?"

Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamwomba anipe mpaka magharibi.

Nilivuka feri nikaulizia mpaka nikafika kwake. Fundi Athumani alikuwa ameketi barazani na kikombe chake cha kahawa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Akakiweka kikombe chini. "Marahaba. Leo umeniona?"

Nikatoa pochi mfukoni. Nikamwekea mia tatu mkononi, na tukarudi pamoja.

Alipanda ngazi taratibu, akapitisha kidole gumba kila mahali, akashuka. Springi nzima. Mota nzima. Reli hazina neno. Kilichoharibika ni waya mmoja wa kuinulia mlango: umeliwa na chumvi ya bahari, nyuzi zimekatika, umetoka kwenye gurudumu lake. Waya mia nane, ufundi elfu moja. Kabla ya adhana ya magharibi mlango ulikuwa unapanda na kushuka.

Nikamwuliza, imekuwaje wale wanaangalia bure na yeye anatoza?

"Kijana wangu, anayekuangalia mlango bure, nauli yake ataipata wapi? Ataipata kwenye ugonjwa. Basi lazima auone ugonjwa. Mimi macho yangu umeshayalipa, sina haja mlango wako uumwe." Akafuta mikono. "Na grisi uliupaka lini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba tangu niufunge sijaupaka.

"Basi diploma yako ina ukurasa mmoja umepotea."

Ijumaa Zuhura alipelekwa Changamwe ndani ya gari jeupe. Watoto wote wa mtaa walikuwepo.

Sasa nikwambie, mwanangu, maana wewe pia unajenga, na milango ya aina hii siku hizi imejaa Kisauni yote. Kwa tunavyolipa mimi na majirani zangu, fundi wa kuja kuangalia atataka mia tano, hata elfu moja akitoka mbali. Mpe, tena kwa moyo mweupe. Kupaka grisi na kukaza nati ni elfu mbili hivi. Waya au magurudumu, pamoja na ufundi, tarajia elfu nne hadi sita. Springi ikikatika kweli, elfu kumi na kitu. Mota mpya ndiyo itakayokutoa jasho, elfu arobaini na zaidi, kwa hiyo ukiambiwa mota imekufa tafuta jicho la pili kabla hujatoa hata shilingi. Bei ya kipuri aitaje mbali na bei ya ufundi wake, na kile kibovu akuachie ukione. Na grisi kila baada ya miezi mitatu. Sisi tunaishi na chumvi.

Fundi mwenye mvi mpe shikamoo yake kabla ya yote. Hiyo haina gharama, nami kuichelewesha kulikaribia kunigharimu harusi ya mdogo wangu.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba ya jasho lako na fundi mkweli wa kuitunza. Na siku ya furaha yako mlango upande bila kukwama, uufungue mara mbili, ya pili kwa ajili ya watoto wa mtaa. Inshallah.